MAISHA YA BERYL MARKHAM, MWANAMKE WA FARASI, NA FUNZO LAKE KWETU WENYE MADENI

Ndugu wanachama, akina mama wenzangu, na wageni wetu mnaosoma kijitabu hiki,

Kamati ya maadhimisho iliniomba niandike habari za maisha ya mtu mmoja mashuhuri aliyekwisha kututoka, ili katika kusherehekea miaka kumi ya kikundi chetu tupate na la kujifunza. Wengi walitegemea nitaandika habari za Mwalimu Nyerere au Bibi Titi Mohamed. Hao ni wetu na tunawaheshimu sana, lakini habari zao watoto wanazisoma shuleni. Mimi nimemchagua mwanamke mmoja mzungu aliyekulia Kenya, jina lake Beryl Markham. Habari zake tulisomewa na mwanachama mwenzetu ambaye ni mwalimu, siku moja baada ya kufunga sanduku, na tangu siku ile hazijanitoka kichwani.

Najua mtauliza, farasi na Kiseke wapi na wapi? Huku kwetu farasi hatufugi. Tuna ng'ombe, mbuzi, kuku, nguruwe, na wenzetu wa Igombe wana mitumbwi yenye mashine. Lakini farasi, ng'ombe wa maziwa, kuku wa mayai na mashine ya mtumbwi ni ndugu wa tumbo moja. Vyote vinakula kila siku, upate usipate. Na deni nalo linakula kila siku. Sasa mtu mwenye vyote viwili afanyeje? Alishe mnyama au alipe deni? Hilo ndilo swali ambalo mwaka huu limetugawa kwenye mkutano wetu, na ndilo swali lililomfuata Beryl Markham tangu utoto mpaka uzee.

KUZALIWA NA KUJA AFRIKA

Beryl alizaliwa tarehe 26 Oktoba 1902 huko Ashwell, Uingereza. Baba yake aliitwa Charles Clutterbuck, mtu hodari sana wa farasi. Baba huyo alikuja Afrika Mashariki kutafuta maisha, akapata shamba Njoro, karibu na Nakuru. Njoro iko kwenye ile reli iliyotoka Mombasa na kufika Kisumu mwaka 1901, kwenye ziwa letu hili hili. Beryl aliletwa akiwa mtoto wa miaka kama minne hivi.

Mama yake hakuyaweza maisha ya porini. Alirudi Uingereza pamoja na mtoto wa kiume, Beryl akabaki na baba. Kwa hiyo mtoto yule alilelewa na baba, na kwa sehemu kubwa alilelewa na Waafrika wa pale shambani, Wakipsigis na Wanandi. Alijifunza Kiswahili na lugha zao, alikwenda nao kuwinda kwa mkuki, alipekua miguu bila viatu. Shule hakusoma sana. Alipelekwa Nairobi lakini hakukaa muda mrefu. Shule yake ilikuwa banda la farasi.

Katika wale wenzake wa utotoni alikuwapo kijana ambaye baadaye aliitwa arap Ruta. Shikeni jina hilo, tutakutana nalo tena.

BABA ALIVYOFILISIKA

Hapa naomba tusome polepole, maana ndipo penye mzizi.

Clutterbuck alianza na shamba tupu lenye msitu. Alikata miti, akaweka mashine ya kupasua mbao, akaweka na mashine za kusaga nafaka zilizoendeshwa kwa injini kuukuu za treni. Alikuwa na wafanyakazi wengi. Na pembeni alikuwa na kitu ambacho moyo wake ulikipenda kuliko mashine zote: farasi wa mashindano. Farasi hao waliletwa kwa meli mpaka Mombasa, kisha kwa treni. Mashine ndizo zilizotafuta pesa, na farasi ndio walioila.

Tusidanganyane juu ya ulaji wa farasi. Farasi mkubwa anaweza kula kilo kama kumi za majani makavu na nafaka kwa siku. Kwa mwezi ni kilo 300. Ukiwa na farasi ishirini ni tani sita kila mwezi. Anakunywa maji ndoo mbili, na siku za joto zaidi. Kwato zake huvalishwa vyuma, na vyuma hivyo hubadilishwa kila baada ya wiki sita hivi. Anahitaji saisi, yaani mtu wa kumsugua, kumlisha na kumtembeza, na huyo mtu anataka mshahara. Huku Afrika kuna ugonjwa wa farasi unaoletwa na wadudu wadogo kama mbu wanaouma usiku, na jioni unaweza kumwacha mzima na baada ya siku chache ukamzika. Kwenye pori la mbung'o kuna nagana. Ndiyo maana kanda nyingi za huku kwetu farasi hawakushika mizizi.

Na farasi wa mashindano hatoi maziwa wala mayai. Anatoa pesa siku akishinda tu. Siku nyingine zote anakula.

Sasa mzee huyu alifanya mikataba ya kutoa unga kwa bei iliyopangwa mapema. Wakati anatia sahihi, bei ya nafaka ilikuwa ya kawaida. Baadaye mvua ikakata. Ukaja ukame mkubwa wa mwisho wa miaka ya 1910, nafaka ikaadimika na bei ikapanda juu sana. Lakini mkataba ni mkataba. Ilimbidi anunue nafaka kwa bei ya njaa, asage, auze unga kwa bei ya zamani. Kila gunia alilouza alipata hasara.

Akina mama mnaokaanga maandazi mtanielewa upesi. Ni kama umekubaliana na shule upeleke maandazi mwaka mzima kwa bei moja, halafu unga wa ngano na mafuta vikapanda mara mbili. Kila ukipeleka beseni unapeleka na sehemu ya mtaji wako.

Watu walikuwapo ambao wangevunja mkataba wakakimbia. Kwa maelezo ambayo binti yake aliyaandika baadaye, baba hakufanya hivyo. Alitimiza mikataba yake mpaka ikamfilisi. Mwaka 1920 mali zikanadiwa. Shamba likaenda, mashine zikaenda, na farasi wakaenda mmoja mmoja mikononi mwa watu wengine.

Mwaka huo huo likatokea jambo lingine lililowaumiza wakopaji wote wa nchi ile. Zamani pauni moja ya Uingereza ilikuwa sawa na rupia 15. Serikali ikabadilisha, pauni moja ikawa rupia 10. Aliyekuwa na deni la benki la rupia 1,500, ambalo lilikuwa sawa na pauni 100, akaamka deni limekuwa pauni 150, bila yeye kukopa hata senti nyingine. Deni, ndugu zangu, linaweza kukua ukiwa umelala.

Clutterbuck akaondoka kwenda Peru, Amerika ya Kusini, kuwafundisha mbio farasi wa watu wengine. Mtu aliyekuwa na banda lake akawa mfanyakazi wa banda la mwenzake. Ni uchungu. Lakini aliondoka na kitu ambacho mnada haukukiuza, nacho ni jina. Aliporudi Kenya miaka ya baadaye, watu walimpa tena farasi wao awafundishe.

BERYL AANZA NA FARASI MMOJA

Beryl alikuwa amekwisha kuolewa mwaka 1919, kabla hajatimiza miaka 17, na mkulima jirani aliyeitwa Jock Purves. Ndoa hiyo haikudumu. Baba yupo mbali, nyumba ya baba imeuzwa, na yeye hana elimu ya kumpa kazi ofisini. Alichokuwa nacho ni farasi mmoja tu aliyeitwa Pegasus, pamoja na ujuzi.

Alimtandika Pegasus, akapanda mlima kwenda Molo, kwenye baridi, kuanza kazi ya kufundisha farasi wa mashindano. Alipata leseni akiwa binti wa miaka 18 hivi. Kabla yake hapakuwa na mwanamke aliyepewa leseni ya namna hiyo katika nchi ile. Wanaume wengi wenye farasi hawakuamini kuwa msichana ataweza.

Na hapo ndipo arap Ruta anapoingia tena. Alimfuata Beryl kwa miguu mpaka Molo ili afanye naye kazi. Wakawa wawili. Yeye ndiye aliyekuwa akiwatunza farasi pamoja na Beryl, na baadaye hata mambo ya ndege alishirikiana naye. Vitabu vingi humtaja Beryl peke yake, lakini mimi nasema kila anayeinuka ana mtu aliyeshika upande wa pili wa mzigo. Sisi kikundi tunalijua hilo.

Sasa tazameni ujanja wa kazi hii. Mfundishaji hafugi farasi wake mwenyewe. Farasi ni wa mwenye pesa, na mwenye pesa humlipa mfundishaji kila mwezi kwa ajili ya chakula, saisi na kazi. Farasi akishinda, zawadi kubwa ni ya mwenye farasi, na mfundishaji hupata sehemu ndogo, mara nyingi kama moja ya kumi. Kwa namna hiyo Beryl aliishi na farasi bila kubeba gharama ambazo zilimzamisha baba yake. Ni akili nzuri. Ugumu wake uko hapa: mwenye farasi akichelewa kulipa, farasi hachelewi kula. Mfundishaji anakwenda kukopa pumba dukani kwa jina lake. Na mwenye farasi akikasirika anamchukua mnyama wake siku yoyote, hata kama wewe ndiye uliyemtengeneza.

Hilo lilimpata. Alikuwa akimwandaa farasi mmoja mwenye nguvu aliyeitwa Wrack kwa ajili ya mashindano makubwa ya St Leger ya mwaka 1926 mjini Nairobi. Zikiwa zimebaki wiki chache, mwenye farasi akamwondoa na kumpeleka kwa mfundishaji mwingine. Kazi ya miezi ikaondoka mchana kweupe. Beryl akabaki na farasi jike aliyeitwa Wise Child, ambaye miguu yake ilikuwa imeumizwa kwa kufundishwa vibaya. Wengi walisema huyo hafai. Beryl akamfundisha taratibu, kwa tahadhari, bila kumkimbiza kuliko miguu ilivyoweza. Siku ya mashindano Wise Child akamshinda Wrack na wengine wote.

Mimi hapo hunikumbusha mwanachama ambaye mtaji wake mkubwa umepotea, akabaki na kikapu kimoja cha dagaa, akakitunza kikapu kile mpaka kikarudi kuwa kibanda.

PESA YA KILA MWAKA

Mwaka 1927 aliolewa tena, na tajiri wa Uingereza aliyeitwa Mansfield Markham. Jina la Markham tunalomwita nalo lilitoka huko. Mwaka 1929 walipata mtoto wa kiume, Gervase, ambaye alilelewa zaidi na bibi yake upande wa baba. Ndoa ikavunjika kwa sababu ya uhusiano wake na mwana wa mfalme wa Uingereza, Prince Henry. Mambo hayo sitayachimba. Nataja kwa sababu ya pesa tu. Ili mambo yaishe kimya kimya, tangu wakati huo Beryl alitengewa pauni 500 kila mwaka maisha yake yote.

Jamani, pauni 500 kwa wakati ule ilikuwa pesa ya kuishi mtu kwa raha. Hakuhitaji kufanya kazi. Mngedhani basi, habari ya madeni imekwisha. Haikwisha. Waliomjua na walioandika maisha yake wanaeleza kuwa Beryl alikuwa mtu wa mkono wazi. Alipenda nguo nzuri, chakula kizuri, farasi wazuri. Alichukua vitu dukani kwa jina lake na bili zikabaki. Pesa ikija ilikuta imekwisha kuliwa. Na pauni 500 haikupanda, ila bei za vitu zilipanda kila mwaka. Pesa iliyokuwa nyingi mwaka 1929 ilikuwa kidogo sana kufikia miaka ya 1980.

NDEGE, NA SAFARI YA KUJA ZIWANI KWETU

Baada ya hapo Beryl alijifunza urubani kwa mwalimu aliyeitwa Tom Campbell Black. Mwaka 1933 alipata leseni ya kubeba abiria na mizigo kwa malipo. Alibeba barua, wagonjwa, dawa, na alitafuta tembo kwa ajili ya wawindaji matajiri.

Kuna safari moja ambayo sisi watu wa ziwa tunapaswa kuijua. Tarehe 16 Juni 1935 alitoka Nairobi usiku kwenda Nungwe, kwenye machimbo ya dhahabu upande wa kusini wa ziwa, ng'ambo ya Mwanza kuelekea Geita. Alikuwa amebeba chupa ya oksijeni kwa ajili ya mchimbaji aliyekuwa mgonjwa wa mapafu. Safari ilichukua saa tatu na dakika arobaini, kwa ndege ndogo ya injini moja, gizani, akatua kwa mwanga wa mioto iliyowashwa chini. Basi huyu mwanamke si wa mbali sana nasi. Maji haya haya tunayochota, yeye aliyapita juu.

Mwaka uliofuata, tarehe 4 Septemba 1936, aliruka peke yake kutoka Uingereza kwenda Amerika, kuvuka bahari ya Atlantiki dhidi ya upepo. Ndege haikuwa yake. Aliazimwa na tajiri mmoja wa Kenya, John Carbery. Alikaa angani zaidi ya saa ishirini. Karibu na mwisho mafuta yakakataa kushuka kwenye injini kwa sababu ya barafu, ndege ikaanguka kwenye matope ya kisiwa cha Cape Breton, Kanada. Alitoka na jeraha kichwani. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuvuka bahari ile peke yake kutoka Uingereza kwenda upande wa magharibi. Mji wa New York ulimpokea kwa shangwe.

Sifa zilikuwa nyingi. Lakini sifa haziwekwi kwenye sanduku. Alikwenda kuishi Marekani, akaolewa mara ya tatu na mwandishi Raoul Schumacher, na mwaka 1942 akatoa kitabu cha maisha yake kiitwacho West with the Night. Mwandishi mkubwa Ernest Hemingway alikisifu sana katika barua yake. Lakini ilikuwa wakati wa vita, kitabu kikauzwa kidogo, kikasahauliwa. Ndoa nayo ikafa.

KURUDI KWA FARASI

Karibu na mwaka 1950 Beryl alirudi Kenya, umri unakaribia miaka 50, mikono mitupu. Wengine wangesema basi, umri umekwenda. Yeye alirudi kwenye kitu alichokijua, akaanza tena kufundisha farasi wa watu.

Na hapo akina mama, alifanya maajabu. Katika miaka ya mwisho ya 1950 na ya mwanzo ya 1960 hapakuwa na wa kumshinda. Mashindano makubwa ya Kenya yanayoitwa Derby aliyashinda mara sita. Mara tano alipewa tuzo ya mfundishaji bora wa nchi. Mwanamke wa miaka 55, 60, anaamka alfajiri kabla ya jogoo, anazunguka banda moja moja kupapasa miguu ya farasi. Wakati ule ndipo alipofanya kazi bora kuliko zote.

Lakini hata katika ushindi huo hapakuwa na mfuko wa pembeni. Zawadi ya Jumapili ilikuwa imekwisha kudaiwa tangu Jumatano. Katikati ya miaka ya 1960 alihamia Afrika Kusini na kazi yake ya farasi, akitegemea mambo makubwa zaidi. Mambo hayakwenda. Kila mahali papya panataka mtaji mpya, na mtaji hakuwa nao. Karibu na mwaka 1970 alirudi Kenya, safari hii akiwa mzee.

Chama cha mashindano ya farasi cha Kenya kilimpa kijumba cha kuishi karibu na uwanja wa Ngong, Nairobi. Mshindi wa Derby mara sita aliishi kwenye nyumba ya kupewa kwa heshima. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wezi walimvamia na kumpiga. Ndipo Mmarekani mmoja, aliyekuwa amesoma ile barua ya Hemingway, akakitafuta kitabu chake kilichosahauliwa. Kikachapwa upya mwaka 1983, na safari hii kikanunuliwa sana. Bibi wa miaka zaidi ya 80 akaanza kupata pesa ya kitabu alichokiandika miaka 41 iliyopita. Aliishi afadhali miaka yake michache ya mwisho. Alifariki Nairobi tarehe 3 Agosti 1986.

TUNAJIFUNZA NINI

Ndugu wanachama, sasa tugeukie kwetu. Kama mnavyojua, mkutano mkuu unaokuja tutapiga kura juu ya pendekezo la baadhi ya wenzetu. Wanataka mwanachama mwenye mifugo aruhusiwe kuchukua mkopo wa pili kabla hajamaliza wa kwanza, kwa ajili ya chakula cha mifugo. Hoja yao si ya mchezo. Wanasema kuku 200 hawawezi kusubiri marejesho yaishe. Wakikosa chakula siku tatu mayai yanakatika, na mayai yakikatika hata deni la kwanza halilipiki. Wanasema pia kwamba kikundi kikikataa, mama huyo atakwenda kwenye ile mikopo ya kausha damu, na huko watabeba mpaka godoro. Hayo ni ya kweli na tusiwabeze.

Lakini mimi nikiangalia maisha ya baba na mtoto huyu, naona mambo matatu.

La kwanza. Clutterbuck hakuangushwa na uvivu wala ulevi. Aliangushwa na kuahidi bei moja bila kujiwekea akiba ya siku ambayo mvua itakata. Anayekopa kwa ajili ya kuku ahesabu pumba itakapopanda, asihesabu kwa bei ya leo tu. Tunajua wote mwezi wa mavuno na mwezi wa njaa pumba si ya bei moja.

La pili. Beryl aliwaweza farasi wote ila hesabu. Pesa zilimjia kwa milango mingi, kwa mbio, kwa ndege, kwa pauni 500 za kila mwaka, kwa kitabu. Hazikukutana na sanduku. Kwa hiyo kupata pesa zaidi siyo dawa ya deni. Mkopo wa pili nao ni pesa zaidi tu. Ukimpa mtu ambaye hajatenga pesa ya chakula kwenye mkopo wa kwanza, hata wa pili hataitenga.

La tatu. Baba alipoona deni na farasi haviwezi kukaa nyumba moja, alitoa farasi, akabaki na jina. Na jina lilimrudisha kazini. Kuuza mnyama ili kulipa siyo aibu. Katika miaka kumi hii wapo waliouza mbuzi, wapo waliouza cherehani, wakamaliza deni, na leo ni wakopaji wetu wazuri, maana tunawaamini.

Kwa hiyo msimamo wangu nauandika hapa, na kila mtu ana kura yake. Mkopo juu ya mkopo mimi sikubali. Badala yake naomba tupitishe hivi: mwanachama anayekopa kwa ajili ya kitu kinachokula kila siku, kabla ya kukabidhiwa pesa, atenge chakula cha miezi mitatu ndani ya mkopo ule ule wa kwanza, na pesa hiyo ikae kwenye sanduku kwa jina lake, aichukue mwezi kwa mwezi. Ikibidi anunue kuku 120 badala ya 200, na wengine wafuate baadaye. Na kwa mwenye msiba au ugonjwa wa mifugo, tuutumie mfuko wa jamii, ndiyo kazi yake. Hivyo hatumkatai mwenzetu, wala hatumwongezei mzigo kwenye mgongo ambao tayari umeinama.

Beryl Markham alivuka bahari peke yake, na tunampa heshima yake. Ila uzeeni alihitaji kijumba cha kupewa. Sisi hatutaki kuvuka kitu peke yetu. Tuna sanduku lenye kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu, tuna daftari, na tuna majina yetu ambayo kila mmoja hapa anayajua. Mwenye kuku walishwe, na mwenye deni alipe, na pesa ya yote mawili ijulikane inatoka wapi kabla ya kutia sahihi.

Nawatakia wanachama wote sikukuu njema ya miaka kumi. Mungu akibariki kikundi chetu, aibariki Kiseke, na aibariki Tanzania.

Ni mimi,
Mwenyekiti wenu.